Udogo Si Utoto: Namna ya Kuchagua Kifaranga wa Samaki Atakayekua

Swali la kila anayechimba bwawa la samaki Buterere ni moja: kati ya vifaranga hawa waliomo ndani ya beseni, ni wepi watakaofika ukubwa wa kujaza sahani, na ni wepi watakaobaki saizi ya kiganja hadi siku ya kuvuliwa? Wengi hulijibu kwa macho. Huinama, humtafuta aliye mkubwa na mchangamfu, hulipa na kuondoka. Macho yana kazi yake, na tutaifikia. Lakini mambo matatu yanayoamua zaidi ukubwa wa samaki, yaani umri, jinsia na ukoo, hayasomeki juu ya maji. Anayenunua kifaranga hununua historia ya kifaranga huyo, na muuzaji asiyeweza kuieleza historia hiyo anauza bahati nasibu.

Joto lipo, maji yana mashaka

Buterere ina sababu ya kulipa swali hili uzito. Iko kaskazini mwa Bujumbura, katika tarafa ya Ntahangwa, kwenye uwanda wa Imbo, jirani na uwanja wa ndege wa Melchior Ndadaye. Uwanda huu uko chini ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na joto lake halibadiliki sana mwaka mzima. Kwa sato, ambaye Bujumbura humjua zaidi kwa jina la tilapia, hiyo ni neema. Samaki huyu hukua vizuri zaidi maji yakiwa kati ya nyuzijoto 27 na 30. Yakishuka chini ya 20 hupoteza hamu ya kula na ukuaji wake hudorora. Huko kwenye milima ya Burundi na Rwanda, katika mwinuko wa zaidi ya mita 1,500, mfugaji hupambana na baridi kabla ya kupambana na jambo jingine lolote. Mfugaji wa Buterere hana mzigo huo. Samaki wake wakidumaa, haina maana kulaumu hali ya hewa. Aulize kwanza walitoka wapi.

Chakula nacho hakiko mbali. Imbo ni uwanda wa mpunga, kwa hiyo pumba za mchele zipo. Machicha ya kiwanda cha bia cha Brarudi yapo mjini humohumo. Soko pia lipo, maana Ziwa Tanganyika limeelemewa na uvuvi. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika upande wake wa Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Kila hatua ya namna hiyo humwongezea thamani samaki wa bwawani.

Mashaka yako kwenye maji yenyewe. Buterere ndiko liliko jalala la jiji, na ndiko yalipo mabwawa ya kusafishia majitaka ya Bujumbura. Kifaranga aliyechotwa kwenye mfereji au kijito kinachopokea maji ya aina hiyo huuzwa kwa bei ya chini, lakini huja na vimelea, pengine na sumu za viwandani, na hakuna anayejua alianguliwa lini. Urahisi wa bei hiyo hulipwa miezi sita baadaye.

Umri: mdogo anaweza kuwa mzee

Mbuzi wa mwaka mmoja ana kimo kinachojulikana. Samaki hana. Akibanwa kwenye bwawa lililojaa, chakula kikiwa haba, sato huweza kubaki na gramu 30 au 40 kwa miezi mingi huku mwili wake ukikomaa kwa ajili ya kuzaa. Sato wa bwawani huweza kuanza kuzaa akiwa na miezi michache tu. Kwa hiyo beseni moja linaweza kuwa na samaki wawili wenye uzito sawa, mmoja mtoto anayekimbilia ukubwa, mwingine mtu mzima aliyekwisha kudumaa. Mnunuzi anayelinganisha ukubwa peke yake hatawatofautisha.

Dalili zipo kwa anayejua kuzitafuta. Samaki aliyedumaa huwa na kichwa kikubwa kuliko mwili unavyodai, na macho yake huonekana makubwa kwa sababu kichwa na macho viliendelea kukua wakati nyama ilipokosa chakula. Tumbo huwa limebonyea na mgongo mwembamba. Kifaranga wa kweli huwa na mwili mpana unaojaa kuanzia nyuma ya kichwa, na mkia ulioshikana na mwili kwa shina nene.

Dalili hizohizo ndizo wanazozitafuta wanunuzi wa koi, samaki wa mapambo wa Japani ambao ni ukoo wa karpi waliopata rangi. Ufugaji wao ulianza katika karne ya 19 kwenye vijiji vya milimani vya Niigata, ambako wakulima wa mpunga walifuga karpi kwa chakula cha majira ya baridi, na baadhi ya samaki wakaanza kuzaliwa na mabaka mekundu na meupe. Leo koi mkubwa huweza kuvuka sentimita 90, na mwaka 2018 mmoja aliuzwa kwa zaidi ya yeni milioni 200. Mnunuzi wa koi mchanga hutazama upana wa mabega, unene wa shina la mkia na ukubwa wa mdomo. Hata hivyo, yeye pia hujua mtego wa umri. Wapo koi wa chini ya mwaka mmoja wanaouzwa wakiwa wakubwa kupita wenzao kwa sababu walipitisha majira ya baridi ndani ya nyumba, kwenye maji yaliyopashwa moto, wakilishwa bila kusimama. Ukubwa huo ni wa kweli, lakini ni ukubwa wa chakula na joto. Haumwambii mtu kitu juu ya kesho ya samaki huyo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji wa koi na kwa muuzaji wa sato ni lilelile: aliangulika lini, na amekula nini tangu siku hiyo?

Kwa sato, jibu lina kipimo chake. Katika kituo kinachofanya kazi vizuri, kifaranga huchukua takriban miezi 2 kufika gramu 5 hadi 10. Muuzaji akisema samaki wa gramu 10 wana miezi mitano, ameshakwambia unachohitaji kujua.

Lazima tuongeze neno moja, ili haki itendeke. Kudumaa si hukumu ya milele kwa kila samaki. Katika jimbo la Andhra Pradesh nchini India, wafugaji wa jamii za karpi kama rohu na katla huwabana vifaranga kwa makusudi kwa muda wa miezi kadhaa, kisha huwapandikiza kwenye mabwawa mapana, na samaki hao hukua kwa kasi kubwa wakipata nafasi na chakula. Sato pia akilishwa baada ya njaa huweza kufidia sehemu ya alichokosa. Tofauti ni kwamba karpi wa India hazai ovyo ndani ya bwawa, na mfugaji anajua amembana kwa muda gani na kwa nini. Sato aliyedumaa bila kumbukumbu huingia bwawani akiwa tayari kwa uzazi, na wiki chache baadaye bwawa hujaa wajukuu. Hapo ndipo jinsia inapoingia.

Jinsia: koi mkubwa ni jike, sato mkubwa ni dume

Hakuna kanuni moja ya jinsia kwa samaki wote. Kwa koi, wale wakubwa kupita kiasi karibu wote ni majike, na mnunuzi anayetafuta samaki wa sentimita 80 au 90 huomba jike. Kwa sato mambo hugeuka. Jike la sato hutamia mayai na kulinda watoto mdomoni, na kwa siku zote hizo halili au hula kidogo sana. Hutoa mayai, hutamia, huachilia watoto, kisha huanza tena. Nguvu ambayo dume huigeuza nyama, jike huitoa kwa uzazi.

Hasara ya jike haiishii kwenye uzito wake mwenyewe. Bwawa lina uwezo wake wa kubeba samaki, na uwezo huo hupimwa kwa kilo, si kwa idadi. Tuseme bwawa la mita 10 kwa 20 limepandikizwa vifaranga 600, samaki watatu kwa kila mita ya mraba, na 500 wamebaki hai. Tuseme pia kwamba kwa chakula kilichopo bwawa linaweza kubeba kilo 120. Wakibaki hao 500, kila mmoja ana gramu 240, samaki wa kuuzika. Majike yakizaa na idadi ikafika 3,000, kilo ni zilezile 120, lakini kila samaki sasa ana gramu 40. Mfugaji hajapungukiwa na samaki hata kidogo. Amepungukiwa na samaki wa kuuza.

Njia zinazojulikana zaidi za kupata madume ni mbili. Ya kwanza ni kuwatenganisha kwa mkono wakifika gramu 25 au 30. Samaki hugeuzwa tumbo juu, na sehemu ya nyuma hutazamwa: dume ana matundu mawili, jike ana matatu. Tone la wino humsaidia asiyezoea kuyaona. Njia hii haihitaji dawa, ila hula muda, hutupa nusu ya samaki, na mkono ukichoka hukosea.

Ya pili ni ya vituo vya kuzalisha. Watoto wanapoanza kula hulishwa kwa siku 21 hadi 28 chakula kilichochanganywa na homoni ya kiume, kwa kawaida miligramu 60 kwa kila kilo ya chakula, na karibu wote hukua wakiwa madume. Homoni hutoka mwilini mwa samaki muda mrefu kabla hajafika sokoni. Anayepaswa kujihadhari zaidi ni mfanyakazi anayeichanganya, na maji ya kituo hayafai kumwagwa mtoni. Ila neno «karibu» lina uzito wake. Katika vifaranga 600, asilimia 5 ni majike 30, na kila uzazi wa jike mmoja huweza kuleta mamia ya watoto. Ndiyo maana wafugaji wengi wa Kenya na Uganda huweka kambale wachache ndani ya bwawa la sato, wakiwa wadogo kuliko sato wenyewe siku ya kupandikizwa, ili kambale hao wawale watoto wanaozaliwa.

Kambale naye ana funzo lake kwa mnunuzi anayependa wakubwa. Katika kila kundi la vifaranga vya kambale hutokea wachache wanaowapita wenzao kwa mbali, na sababu yake mara nyingi ni kwamba wanawala. Wafugaji wa koi huwajua samaki wa namna hiyo pia, huwaita tobi, na huwaondoa mapema kabla hawajamaliza kundi. Anayenunua kambale kwa kuokota wakubwa wawili watatu na kuwachanganya na wadogo amejinunulia walaji. Kundi zuri ni lile lililochujwa kwa saizi, samaki wote wakikaribiana.

Ukoo: asichokitoa mzazi, chakula hakikileti

Koi mwenye matumaini huitwa tategoi. Mfugaji wa Niigata humpata kwa kuchuja. Jike moja hutaga mamia ya maelfu ya mayai, watoto huchambuliwa mara kadhaa ndani ya majira ya kwanza ya joto, na wanaobaki ni sehemu ndogo sana. Nyuma ya kila koi mkubwa kuna wazazi wanaojulikana, na babu na bibi wanaojulikana. Mnunuzi mzoefu huuliza habari za mama kabla ya kumtazama mtoto.

Kwa sato, kazi kubwa ya namna hiyo ilianza mwaka 1988 nchini Ufilipino. Taasisi ambayo leo inaitwa WorldFish, ikishirikiana na watafiti wa Norwei, ilikusanya sato kutoka Misri, Ghana, Kenya na Senegal, ikawachanganya na waliokuwa wakifugwa Ufilipino, na ikaanza kuchagua familia bora kizazi baada ya kizazi. Ukoo uliotokana na kazi hiyo, unaojulikana kama GIFT, ulipata ongezeko la ukuaji la takriban asilimia 10 hadi 15 kwa kila kizazi katika vizazi vya mwanzo. Hakukuwa na muujiza. Kila familia iliwekwa alama, kila samaki alipimwa, na waliobaki nyuma hawakuruhusiwa kuzaa.

Kinyume chake ndicho kinachotokea katika vituo vingi vidogo. Mtu huanza na wazazi wachache, huzalisha, kisha hufanya watoto wao kuwa wazazi wapya, na wajukuu vilevile. Ndugu huzaa na ndugu. Mbaya zaidi, samaki wakubwa huuzwa kwanza kwa sababu wana bei, na wanaobaki kuwa wazazi ni wale ambao soko liliwakataa. Kwa njia hiyo kituo huchagua udogo bila kukusudia, kizazi baada ya kizazi. Kwa hiyo maswali mawili humfaa mnunuzi: una wazazi wangapi, na mara ya mwisho ulileta damu mpya lini? Jina kubwa la ukoo bila majibu hayo ni maneno matupu.

Kenya ilionyesha gharama ya kupuuza jambo hili. Mpango wa serikali wa kuchochea uchumi wa mwaka 2009 ulianza na mabwawa 200 katika kila jimbo la uchaguzi kati ya majimbo 140, yaani mabwawa 28,000. Mashimo yalichimbwa haraka kuliko vituo vilivyoweza kuzalisha vifaranga, wauzaji wakazuka, na malalamiko ya vifaranga duni yakafuata. Bwawa huchimbwa kwa wiki mbili. Ukoo hujengwa kwa miaka.

Kinachofaa Niigata kinaweza kuharibu Tanganyika

Sanaa ya koi ina mengi ya kutufunza, lakini karpi mwenyewe hafai kuwekwa kwenye bwawa la Buterere, na sababu yake ni mafuriko. Aprili 2024, mvua zilipozidi na ziwa likapanda, serikali ya Burundi pamoja na Umoja wa Mataifa waliomba msaada kwa ajili ya maelfu waliopoteza makazi. Nyanda za kando ya ziwa, kuanzia Gatumba hadi kaskazini mwa jiji, hujua maana ya maji kuingia ndani. Tuta la bwawa likifunikwa, samaki wa bwawani huwa samaki wa ziwa.

Naivasha ilishaliona jambo hilo. Karpi waliingia katika ziwa lile la Kenya mwishoni mwa miaka ya 1990, na ndani ya miaka michache wakawa sehemu kubwa ya kinachovuliwa. Huchimbua matope wakitafuta chakula, na maji huchafuka. Ziwa Tanganyika lina mamia ya aina za samaki wasiopatikana popote pengine duniani. Bujumbura yenyewe iliuza samaki hao wa mapambo nchi za nje tangu miaka ya 1970, kupitia kazi ya Pierre Brichard, Mbelgiji aliyeandika vitabu vikubwa juu yao. Nchi yenye hazina hiyo haina haja ya kuihatarisha kwa samaki wa kuagiza.

Tahadhari hii inahusu pia vifaranga vya sato kutoka mbali. Sato ni mwenyeji wa bonde la mto Rusizi. Ndani ya ziwa yupo pia ndugu yake, Oreochromis tanganicae, asiyepatikana kwingine. Ukoo wa kigeni ukitoroka huweza kuchanganya damu na wenyeji. Magonjwa nayo husafiri na vifaranga. Kirusi cha sato kilichotambuliwa nchini Israeli mwaka 2014 kimeshaonekana kwenye samaki wa Ziwa Victoria, na kirusi cha koi kilichogunduliwa mwaka 1998 kilizunguka dunia kwa njia ya biashara. Kwa Buterere, kifaranga bora ni mwenye damu ya Rusizi, kutoka kwa wazazi waliochaguliwa kwa makini.

Siku ya kununua

Baada ya maswali, macho yapewe zamu. Fika asubuhi, kabla ya jua kali. Waombe watoe samaki mbele yako kwenye wavu. Kifaranga mzima huogelea dhidi ya mkondo na hukimbia mkono ukikaribia. Anayeelea juu akihema au kujisugua ukutani ana tatizo. Tazama mapezi yasiyochanika, ngozi isiyo na vidonda wala utando mweupe kama pamba, na mgongo ulionyooka. Pima samaki 100 kwa pamoja ili kupata wastani, kisha mpime mkubwa na mdogo kabisa. Pengo kubwa kati yao lina maana kwamba kundi halikuchujwa au limechanganywa umri.

Vifaranga wasilishwe siku moja kabla ya safari, ili wasichafue maji njiani. Wafungwe kwenye mifuko yenye maji theluthi moja na oksijeni theluthi mbili. Ukifika, weka mfuko juu ya bwawa dakika 15 hadi 30 mpaka joto lilingane, ndipo uwaache watoke wenyewe. Wengi hufa kwa haraka ya dakika hizo, na lawama huangukia ukoo.

Mwenye uwezo asinunue wote mara moja. Achukue kundi dogo, alitenge ndani ya chandarua bwawani kwa mwezi mmoja, apime mwanzo na mwisho, na ndipo aamue. Kipimo hicho kinampa ukweli ambao hakuna muuzaji anayeweza kumpa, na kinamkinga na ugonjwa kabla haujaenea.

Lakini si haki kumbebesha mfugaji mdogo mzigo wote. Burundi ina kituo cha taifa cha kuendeleza ufugaji wa samaki na uvuvi mdogo, CNDAPA, na ina Chuo Kikuu cha Burundi palepale Bujumbura. Kazi inayostahili kufanywa kwanza haihitaji mitambo mikubwa: kukusanya sato wa bonde la Rusizi, kuwapima, kuchagua wazazi kwa familia, na kumtaka kila muuzaji atoe karatasi yenye tarehe ya kuanguliwa, chanzo cha wazazi na njia iliyotumika kupata madume. Karatasi hiyo ikiwa ya kawaida sokoni, muuzaji mzuri atalipwa kwa uzuri wake, na anayechota mferejini atakosa mnunuzi. Mpaka siku hiyo, mnunuzi wa Buterere anaweza kuidai mwenyewe, na akikataliwa aondoke na pesa zake mfukoni. Bwawa tupu kwa mwezi mmoja lina hasara ndogo kuliko bwawa lililojaa samaki wasiokua.